Chungu Kisicho na Nyama

Masomo: Mithali 15:17, Danieli 1:8-16, 2 Wafalme 4:38-41

  Ninyi akina mama mlio jikoni, msiuache moto. Sogezeni redio karibu na mlango, kwa maana mazungumzo ya leo ni ya huko huko jikoni. Nanyi akina baba, msizime redio mkidhani kwamba neno hili si lenu. Ni lenu pia, kama mtakavyosikia.

Twataka kuanza kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda, watu tisa wa ushirika wetu, kusali nyumbani kwa mama mmoja ambaye mumewe alikuwa akifanya kibarua mjini. Tulifika mapema kuliko saa tuliyomwambia. Tulipobisha hodi tulisikia kishindo cha sufuria, na mlango ukakawia kufunguliwa. Tukakaribishwa, tukaketi. Ndipo mtoto wake mdogo akauliza kwa sauti kubwa, "Mama, mbona umeificha githeri?" Sisi sote tulicheka. Mama hakucheka.

Baada ya maombi tuliandaliwa chapati na nyama. Tulikula tukashiba, na mzee wetu mmoja akasimama akamwomba Mungu aibariki mikono iliyopika. Watoto walikuwa jikoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza wao walikula nini.

Yule mama akakosa kuja kanisani majuma matatu. Tulipokwenda kumtazama, alitueleza habari yote. Nyama ile aliichukua kwa mkopo kwa mwenye bucha. Siku ya kulipa ilipofika hakuwa na fedha, akauza debe la maharagwe alilokuwa amewawekea watoto wake mpaka mavuno. Tangu siku hiyo watoto walikuwa wakila ugali kwa chai ya rangi. Basi ndugu, tuliyokula usiku ule yalikuwa maharagwe ya watoto wale, ingawa sahanini petu yalionekana kama nyama.

Wazee wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuja, na mwenyeji akaugua.

Kwa nini mama huyu, mpenda Mungu, aliificha sufuria ya chakula chema na kukopa? Ni kwa sababu ya aibu. Na aibu hiyo hakuzaliwa nayo, ila tulimfundisha sisi, kwa kusema kwetu kwamba "leo hakuna mboga" pale ambapo nyama haipo, na kwa kumsifu mwenyeji kwa kuhesabu vipande vilivyo bakulini. Kwa hiyo leo twataka kusema mambo mawili. La kwanza, chungu kisicho na nyama si chungu cha aibu. La pili, chungu hicho chataka maarifa, na maarifa hayo tutayaeleza.

Tuanze na Maandiko. Mwenye hekima katika Mithali alisema kwamba mlo wa mboga mahali penye upendo ni bora kuliko ng'ombe aliyenona mahali penye chuki. Tazameni, yeye alijua vizuri utamu wa ng'ombe aliyenona, lakini alipima kwa mizani nyingine.

Kisha tumsikie Danieli. Yeye na wenzake watatu, Hanania, Mishaeli na Azaria, walikuwa vijana mateka katika nyumba ya mfalme wa Babeli. Wakakataa chakula cha mfalme na divai yake, wakaomba kujaribiwa siku 10 kwa vyakula vya mimea na maji. Tafsiri moja ya Biblia ya Kiswahili hutaja mtama mahali hapo. Neno la Kiebrania lina maana ya vitu vitokavyo katika mbegu. Mwisho wa siku 10 nyuso zao zilikuwa nzuri kuliko za wenzao. Danieli hakufanya hivyo kwa kuwa nyama ni dhambi. Katika sura ya 10 twasoma kwamba alijinyima nyama kwa majuma matatu, maana yake siku nyingine aliila. Lakini alijua kwamba meza ya mfalme inaweza kumfunga mtu, na kwamba Mungu aweza kumtunza mtu wake kwa nafaka na kunde.

Hata Esau yafaa atukumbushe jambo. Alikuwa mwindaji, mtu wa nyama, lakini jioni moja alishindwa na harufu ya dengu iliyopikwa na ndugu yake, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Alifanya vibaya sana. Hata hivyo, twajua neno moja: Yakobo alikuwa amezipika dengu zile vizuri!

Sasa mtu atauliza, "Je, mwili utapata nguvu bila nyama?" Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba vyakula ni vya namna tatu: vya kutia nguvu, kama mahindi, viazi na mafuta, vya kuujenga mwili, ambavyo vina protini, na vya kuulinda mwili, yaani mboga na matunda. Nyama ni ya kuujenga mwili. Lakini maharagwe, ndengu, kunde, mbaazi, njugu, maziwa na mayai ni ya kazi hiyo hiyo.

Protini ni kama ukuta wa matofali ya namna nyingi. Mahindi yana upungufu wa tofali moja liitwalo laisini. Maharagwe yana laisini nyingi, lakini ni haba katika tofali jingine, methionini, ambalo mahindi yanalo. Ukiyaweka pamoja, hili linajaza pengo la lile. Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini Wakikuyu walipika githeri, Wakamba wakatwanga mahindi wakapika muthokoi kwa maharagwe au kunde, na watu wa Pwani wakala wali kwa maharagwe ya nazi. Wala si lazima viingie chungu kimoja. Mtu akivila vyote katika siku moja, mwili wajua kuviunganisha.

Aliye hatarini zaidi ni mtoto mdogo. Mwaka 1933 daktari mmoja, Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo sasa ni Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu, ngozi ikabanduka, na wengi wao wakafa. Walikuwa wameachishwa ziwa na kulishwa chakula cha mahindi matupu. Baadaye aliuita ugonjwa huo kwa jina la wenyeji wa huko, kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyesukumwa kando na mdogo wake. Siku hizi wataalamu wanajua kwamba ugonjwa huo una sababu zaidi ya moja. Lakini fundisho limebaki: mtoto asilishwe wanga peke yake siku nenda siku rudi. Mama asimngojee mume alete nyama mwisho wa mwezi, huku maharagwe yamo guniani. Kijiko cha maharagwe yaliyopondwa laini chamfaa mtoto kuliko mchuzi wa nyama ulio maji matupu.

Basi chukueni kalamu. Tutataja vyungu vinne, kila kimoja cha kuwatosha watu sita hivi.

Chungu cha kwanza ni githeri. Chukua vikombe 3 vya mahindi makavu na vikombe 2 vya maharagwe. Chagua mawe na punje mbovu, osha, kisha loweka usiku kucha, kila kimoja katika chombo chake. Asubuhi mwaga maji hayo. Chemsha mahindi kwanza kwa muda wa saa moja, maana ni magumu zaidi, ndipo utie maharagwe. Yaache yachemke pamoja mpaka yote yawe laini, pengine saa moja na nusu au mbili. Chumvi tia mwishoni. Katika sufuria nyingine kaanga kitunguu kimoja kikubwa kwa vijiko 2 vya mafuta, tia nyanya 3 na karoti 2, halafu viazi 4 vilivyokatwa. Ongeza githeri na maji yake kidogo, funika mpaka viazi viive. Dakika tano kabla ya kuepua, tia mboga za majani zilizokatwa. Hapo una nguvu, kujenga na kulinda, vyote katika sahani moja.

Chungu cha pili ni ndengu. Hiki ni cha siku ambayo kuni ni chache, kwa kuwa ndengu huiva upesi. Chagua na kuosha vikombe 2, loweka saa moja au mbili ukipata nafasi, kisha chemsha kama dakika 45 mpaka zianze kupasuka. Kaanga kitunguu na vitunguu saumu, tia nyanya mpaka ziwe rojo, kisha ndengu pamoja na maji yake. Usiyamwage, ndiyo mchuzi. Malizia kwa dania. Kula kwa wali au chapati, na ukamulie ndimu juu yake. Ndimu hiyo si ya utamu tu. Madini ya chuma yaliyo katika kunde na mboga huingia mwilini kwa shida, lakini vitamini C ya ndimu, ya chungwa au ya nyanya huyasaidia yaingie. Chai huyazuia. Kwa hiyo chai inywewe baadaye, saa moja au zaidi baada ya chakula.

Chungu cha tatu ni mboga za kienyeji kwa njugu. Chukua terere, au managu, au majani ya kunde, mafungu 3 makubwa. Osha kabla ya kukata, si baada, kwa maana ukikata kwanza uzuri wake mwingi huenda na maji. Kama ni managu, ondoa vitunda vyake vya kijani. Vikiwa vibichi hivyo vyaweza kudhuru. Chemsha kwa maji kidogo kama dakika 10. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga. Chukua vijiko 4 vya njugu karanga zilizokaangwa na kusagwa, korogea katika kikombe cha maziwa, mimina juu ya mboga, koroga kwa moto mdogo mpaka mchuzi uwe mzito. Ndugu zetu wa magharibi hupenda kulaza mboga chungu kama saga katika maziwa, na kesho yake uchungu umepungua. Chungu hiki huliwa kwa ugali. Mafuta ya zile njugu yana kazi pia: vitamini A ya mboga haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta kidogo.

Chungu cha nne twakitoa Pwani. Ni mbaazi za nazi, ambazo watu wa Mombasa na Lamu hula asubuhi kwa mahamri. Loweka vikombe 2 vya mbaazi kavu usiku kucha, mwaga maji, chemsha mpaka ziwe laini kabisa. Kuna nazi moja kwa mbuzi, kamua tui la kwanza lililo zito, uliweke kando. Ongeza maji katika chicha, kamua tui la pili lililo jepesi. Tia tui jepesi katika mbaazi pamoja na kitunguu kilichokatwa, chumvi, na pilipili nzima isiyopasuliwa. Likichemka na kupungua, tia tui zito, koroga taratibu kwa moto mdogo ili lisikatike, uepue likianza kutokota.

Hivyo ni vyungu vinne. Sasa yapo maonyo, nasi hatutayaficha.

Mnakumbuka habari ya Elisha kule Gilgali. Palikuwa na njaa, mtu mmoja akaenda shambani akachuma matango-mwitu asiyoyajua, akayakatia katika chungu cha manabii. Walipoonja wakalia kwamba mna mauti ndani. Mtu yule hakuwa na nia mbaya, ila hakujua. Nasi twapaswa kujua.

Maharagwe, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu yakiwa mabichi. Sumu hiyo huisha kwa kuloweka, kumwaga maji, na kuchemsha kwa nguvu. Yasipikwe kwa moto mdogo tangu mwanzo, wala yasiliwe yakiwa bado magumu ndani. Anayetumia kapu la kupikia, lile lililojazwa vitambaa ili kutunza joto, na achemshe kwanza kwa moto mkali nusu saa nzima, ndipo aweke sufuria kapuni.

Lililo kubwa zaidi ni mahindi na njugu zilizoota ukungu. Mwaka 2004, sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii hutoka katika kuvu inayoota nafaka zikihifadhiwa na unyevu. Wala haiishi kwa kuchemsha. Kausheni mahindi vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo. Wekeni magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Punje iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupeni, wala msimpe ng'ombe wala kuku. Twajua ni vigumu kutupa chakula wakati wa njaa. Lakini kwa Elisha unga ulioponya chungu ulikuwa ni mwujiza. Sisi tumepewa macho na mikono ya kuchagua.

Magadi hulainisha maharagwe upesi, lakini huharibu baadhi ya vitamini. Afadhali kuloweka.

Tena, iko vitamini moja, B12, ambayo mimea haina. Hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Nyumba isiyokula nyama na iwape watoto, na mama mwenye mimba, maziwa au mayai. Asiyetumia hata hivyo, na aende kwa mhudumu wa afya apewe shauri na dawa za vitamini hiyo. Na mtoto mchanga chakula chake ni ziwa la mama peke yake mpaka atimize miezi sita. Baada ya hapo aendelee kunyonya huku akilishwa chakula laini, mpaka miaka miwili na zaidi.

Sasa twarudi kwenu akina baba, kama tulivyoahidi. Mke wako anapoleta githeri, utasema nini? Ukinuna, umemfundisha kukopa. Ukimshukuru mbele ya watoto, umewafundisha wao kushukuru maisha yao yote. Na siku nyama ikiwa kidogo, isitoke yote kwenda kwa mzee na wageni, watoto wakabaki na mifupa. Anayekua ndiye anayejengwa.

Kwa wale wanaoacha nyama kabisa kwa ajili ya dhamiri zao, na kwa wale wanaoila kwa shukrani, mtume Paulo ameandika katika Warumi 14 kwamba anayekula asimdharau asiyekula, wala asiyekula asimhukumu anayekula. Hatukuja kuwafungia bucha. Tumekuja kufungua sufuria iliyofichwa nyuma ya mlango.

Na ushirika wetu ulifanya nini? Kwanza tulimrudishia yule mama debe lake la maharagwe. Tulichanga sisi tisa, wala hatukuiita sadaka, kwa kuwa lilikuwa deni. Kisha tukapatana kwamba popote tutakapokwenda kusali, tutakula kilekile ambacho nyumba hiyo ingekula siku hiyo, na kila mmoja wetu achukue kitu kidogo mkononi: nyanya, ndimu, fungu la mboga. Mara ya kwanza tulipokwenda tena kwa mama yule, sufuria ilikuwa katikati ya meza. Mtoto wake alikaa nasi. Alikula sahani mbili, akalala kabla ya wimbo wa mwisho.

Mpendwa msikilizaji, juma hili chagua chungu kimoja kati ya hivi vinne. Kiloweke usiku, kipike vizuri, kiweke mezani bila kuomba radhi. Mgeni akibisha hodi, usikifiche. Mfungulie.

Na tuombe. Ee Baba, wewe uliyetupa mimea yote itoayo mbegu iwe chakula chetu, twakushukuru kwa maharagwe na mahindi, kwa mboga za shambani na mikono ya wapikao. Utuondolee aibu isiyo ya haki, na sisi wageni utuondolee tamaa. Uwakumbuke wasio na kitu cha kuloweka usiku huu, na utuonyeshe nyumba zao. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki, na mle kwa amani.